Umetoka Kasenga, homa inakuja nyuma: namna ya kujikinga na malaria safarini

Wakaaji wa Ruashi ni watu wa safari. Wako wenye kupanda magari ya mizigo kwenda Kasenga kununua samaki na tusense. Wako wenye kusukuma mpaka Kashobwe, ao mpaka Kilwa na Pweto kandokando ya ziwa Mweru. Wengine wanapanda treni kwenda Bukama ao Kamina kuona jamaa, na wazazi wengi wanatuma watoto kwa nkambo wakati wa likizo kubwa. Mizigo inarudi, watoto wanarudi, na mara nyingi kitu kingine kinarudi pamoja nao bila kuonekana: malaria.

Ugumu wake ni kwamba malaria haionekani siku ile ya kurudi. Inajitokeza juma moja ao mbili nyuma, wakati msafiri amekwisha kusahau mbu wa kule. Anasema ni uchovu wa njia. Anasema ni bridi. Ananunua vidonge viwili vya kupunguza homa, analala. Kwa mtu mzima hiyo inaweza kuwa siku tatu za mateso. Kwa mtoto mdogo, siku tatu hizo zinaweza kutosha kumpoteza.

Kwa sababu hiyo, kujikinga na malaria ya safari kunaanza mbele ya kufunga mizigo, na hakuishi siku ya kushuka garini. Kunaendelea majuma kadhaa kisha kurudi.

Mbu ndiye anayeleta, si embe wala jua

Mpaka leo, kuna watu wenye kusema kwamba malaria inatoka kwa jua kali, kwa maembe mabichi, kwa muwa, ao kwa kulowa na mvua. Sivyo. Malaria inaletwa na kimelea kidogo sana kinachoitwa Plasmodium, chenye kuishi ndani ya damu. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikiona mara ya kwanza mwaka wa 1880, katika damu ya askari huko Algeria. Mwaka wa 1897, Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi India, alionyesha kwamba kimelea hicho kinakomaa ndani ya tumbo la mbu. Mji wa Lubumbashi haukuwa umeanzishwa bado. Ulianzishwa mwaka wa 1910.

Mbu mwenyewe ni wa aina ya Anofelesi, na ni jike tu ndiye anayeuma, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Anauma kuanzia jua likishuka mpaka asubuhi, zaidi sana usiku wa manane, wakati watu wamelala. Ule mbu wa mjini mwenye kulia sana sikioni na kuzaliana katika maji machafu ya mifereji na vyoo, mara nyingi ni wa aina nyingine, na haleti malaria. Anofelesi anapenda maji yenye kutulia na yasiyokuwa machafu sana: vidimbwi vya mvua, kando ya mito yenye majani, mashimo ya matofali, na mabwawa. Hana kelele nyingi. Mtu anaweza kuumwa naye usiku mzima bila kujua.

Kongo ni kati ya nchi zenye kuumia zaidi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka wa 2023 dunia ilikuwa na wagonjwa wa malaria karibu milioni 263, na watu karibu 597.000 walikufa. Kati ya wagonjwa 100, karibu 13 walikuwa wa Kongo. Ni Nigeria tu yenye kupita Kongo. Wengi wa wale wenye kufa ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Lubumbashi na Kasenga si sawa

Malaria iko Lubumbashi pia, na Ruashi iko nayo, zaidi sana wakati wa mvua na kwenye kartie zenye kukaribia mashamba na mashimo ya matofali. Hakuna mtu wa kusema kwamba hapa mjini mustikere haina kazi. Lakini hatari haiko sawa kila mahali, na tofauti inatoka kwa vitu viwili: joto na maji.

Lubumbashi iko juu, karibu meta 1200 juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku unakuwa wa baridi kali, watu wanavaa makoti na kuwasha makala ndani ya mbabula. Baridi hiyo inasumbua kimelea. Chini ya joto la digri 18 hivi, kimelea cha aina ya falciparum, chenye kuleta karibu malaria yote ya Kongo, hakiwezi kumaliza kukomaa ndani ya mbu. Mbu anakufa mbele kimelea kiwe tayari. Katika joto la digri 25, kimelea kinahitaji karibu siku 12 tu.

Sasa shuka Kasenga, karibu kilometa 200 kutoka Lubumbashi. Mto Luapula, wenye kugawanya Kongo na Zambia, unapita hapo katikati ya mabwawa makubwa na kuingia ziwa Mweru, ambalo liko karibu meta 920 tu juu ya bahari. Kule joto linadumu na maji hayakauki. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Zambia, wilaya ya Nchelenge inajulikana na watafiti wa malaria kwa sababu ugonjwa uko mwingi mwaka mzima. Mbu mkubwa wa pale ni aina moja ya Anofelesi yenye jina funestus, yenye kupenda maji ya kudumu yaliyo na majani. Mbu huyo hangoji mvua. Wakati wa kiangazi pia anauma, na anaingia ndani ya nyumba kufuata watu wenye kulala.

Hapo ndipo mtego uko kwa familia za Lubumbashi. Likizo kubwa inaangukia mwezi wa saba na wa nane. Hapa mjini ni wakati wa mbu wachache, na mustikere nyingi zimekunjwa juu ya kabati. Mzazi anawaza sweta ya mtoto, hawazi mbu. Mtoto anatumwa Kasenga, Pweto, Kalemie ao Bukama, mahali penye joto na maji, bila kitu chochote cha kumkinga.

Mwenyeji ana kinga yenye mgeni hana

Wengi wanauliza: kama Kasenga iko na malaria nyingi hivyo, namna gani watu wa kule wanavua, wanauza, wanaoa, na wanaishi? Jibu ni kwamba wanalipa bei kubwa, na wanailipa wakiwa wadogo. Mtoto mwenye kuzaliwa pale anakamatwa na malaria mara nyingi katika miaka yake ya kwanza. Mwenye kupona, mwili wake unajifunza kidogo kidogo kupigana na kimelea. Akiwa mtu mzima, anaweza kutembea na kimelea ndani ya damu bila kuwa na homa kali. Madaktari wanaita hiyo kinga ya nusu. Haizuii kukamatwa, inapunguza tu nguvu ya ugonjwa.

Kinga hiyo haikai milele. Inahitaji mwili ukumbushwe. Mtu akitoka mahali pa malaria nyingi na kukaa muda mrefu mahali pa malaria kidogo, kinga inashuka. Kijana mwenye kuzaliwa Kasenga, mwenye kuja Lubumbashi kwa masomo ya chuo kikuu na kukaa miaka kadhaa, anaporudi kuona wazazi hawezi kusema tena "mimi ni mutoto wa hapa, mbu yananijua." Mbu wanamjua, lakini damu yake imesahau.

Hatari inazidi kwa watu wafuatao:

Watoto wa chini ya miaka mitano, zaidi wale wenye kuzaliwa na kukomalia mjini.

Mama mwenye mimba. Kimelea kinajificha ndani ya kondo la nyuma. Mama anaweza kukosa damu, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, na mimba inaweza kutoka. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi.

Mtu mwenye ugonjwa wa SS. Malaria inaweza kumletea maumivu makali na kumaliza damu kwa haraka.

Wageni kutoka mbali, pamoja na Wakongomani wenye kuishi Mpoto. Watoto wao wenye kuzaliwa Ubelgiji ao Ufaransa hawana kinga hata kidogo, hata kama jina lao ni la Katanga.

Hesabu ya siku

Mbu akiuma, kimelea hakileti homa palepale. Kwanza kinaingia ndani ya ini na kuzaa humo kimya kimya. Kisha kinatoka na kuingia ndani ya damu, kinavunja chembe nyekundu, na hapo ndipo homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya kichwa na ya viungo vinaanza. Kwa falciparum, kazi hiyo yote inakamata siku 7 kwa uchache. Mara nyingi ni kati ya siku 9 na 14. Wakati mwingine inapita mwezi.

Tuseme mama mmoja muuzaji anafika Kasenga tarehe 3. Usiku huohuo analala bila mustikere, anaumwa. Tarehe 6 amekwisha kununua samaki, tarehe 7 yuko Ruashi sokoni. Homa haiwezi kuja mbele ya tarehe 10. Kwa kawaida itakuja kati ya tarehe 12 na 17. Siku hiyo mama huyo yuko nyumbani kwake juma nzima, na hata yeye hafikirii tena safari. Akifika kituo cha afya atasema: "Kichwa inaniuma, niko na bridi." Kama hakuna mwenye kuuliza na yeye hasemi, safari yake haitaingia katika mazungumzo.

Hesabu hiyo inasaidia upande mwingine pia. Msafiri mwenye kupata homa siku ya pili ya kufika Kasenga hakukamatwa malaria Kasenga. Kama ni malaria, aliibeba kutoka alikotoka. Kama si malaria, ni ugonjwa mwingine, na unastahili kutafutwa.

Kuna pia hesabu ya jirani. Mtu akirudi na kimelea ndani ya damu wakati wa mvua, Anofelesi wa Ruashi anaweza kumuuma, kukomaza kimelea, na kisha siku kumi na kitu kumpelekea mtoto wa parsele ya pili. Mwenye kujikinga safarini anakinga avenue yake pia.

Mbele ya kusafiri

Kitu cha kwanza kuingia ndani ya mfuko ni chandarua chenye dawa, ile watu wote wanaita mustikere. Isiwe "kule nitapata." Nyumba za kulala wageni nyingi hazina, na zile zenye kuwa nazo, mara nyingi zimetoboka. Mustikere inakunjwa ndogo, haina uzito, haipiti kikwembe kimoja kwa nafasi. Weka pamoja nayo kamba nne na misumari michache.

Kama mustikere ni mpya, itoe ndani ya plastiki na uitandike kivulini siku nzima mbele ya kulala ndani yake, ili dawa isiwashe ngozi wala macho. Ikichafuka, ifue katika beseni kwa sabuni ya kawaida na uianike kivulini, kwa sababu jua linaua dawa. Usiifue mtoni wala ziwani: dawa yake ni sumu kwa samaki. Na ile tabia ya watu fulani kando ya maziwa ya kufanya mustikere kuwa wavu wa kuvulia, inaharibu mara mbili. Inakamata samaki wadogo wasiokomaa, na inaacha watoto wakilala bila kinga.

Kitu cha pili ni nguo: shati ya mikono mirefu, suruali ao kikwembe cha kufika chini, soksi. Cha tatu, kwa mwenye kuweza, ni mafuta ya kufukuza mbu ya kupakaa kwenye ngozi. Soma karatasi yake kujua inafanya kazi saa ngapi na kama inafaa kwa watoto.

Mama mwenye mimba afike kwanza kwenye masomo ya mimba, CPN. Kuanzia mwezi wa nne, anapewa pale vidonge vya SP vya kumkinga, na anaendelea kupewa kila anaporudi, mwezi ukipita kati ya dozi na dozi. Kama safari inaweza kungoja mpaka azae, ingoje. Mama mwenye kumeza kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya VIH aseme wazi, maana hapaswi kuchanganya dawa hizo mbili.

Kwa wageni wasio na kinga, kuna dawa za kumeza ili kuzuia malaria: doksisiklini, atovakwoni pamoja na proguanili, na meflokwini. Kila moja ina masharti yake. Doksisiklini inaanzwa siku moja ao mbili mbele ya safari, inamezwa kila siku, na inaendelea majuma manne kisha kutoka. Haifai kwa mama mwenye mimba wala kwa watoto wadogo. Atovakwoni na proguanili inaendelea siku saba kisha kutoka. Meflokwini ni ya mara moja kwa juma, inaanzwa majuma mawili ao matatu mapema, na haifai kwa mwenye historia ya kifafa ao ya ugonjwa wa akili. Munganga ndiye anachagua. Wengi wanaugua kwa sababu waliacha dawa siku ya kushuka ndege, wakiwaza kwamba hatari imekwisha.

Kitu kisichofaa kabisa ni kumeza nusu ya dozi ya dawa ya kutibu malaria mbele ya kupanda gari, ili "kufunga njia." Haifungi kitu. Inatoka mwilini kwa muda mfupi, inaficha ugonjwa, na inafundisha kimelea kuzoea dawa.

Karte jone ni ya ugonjwa mwingine

Wasafiri wengi wanachanganya. Kwenye uwanja wa ndege wa Luano ao mpakani Kasumbalesa, wanaulizwa karte jone. Wakishaipata, wanasema: "Mimi nilishachanjwa, mbu haiwezi kunifanya kitu." Karte jone inaonyesha chanjo ya homa ya manjano. Huo pia ni ugonjwa wa mbu, lakini si malaria, na mbu wake, Aedesi, anauma mchana. Chanjo hiyo ni muhimu: inaanza kuhesabiwa siku 10 kisha kuchomwa, na tangu mwezi wa saba 2016 OMS imekubali kwamba dozi moja inatosha kwa maisha yote. Mwaka huohuo wa 2016, homa ya manjano iliingia Kongo kutoka Angola, na Kinshasa watu mamilioni walichanjwa kwa kipimo cha moja ya tano ya dozi kwa sababu chanjo ilikuwa chache. Mwenye kununua karte bila kuchomwa shindano anabeba karatasi, habebi kinga.

Chanjo ya malaria iko, ilianza kutolewa Kongo mwaka wa 2024, kupitia jimbo la Kongo Central. Ni ya watoto wadogo, kwa dozi nne. Si chanjo ya msafiri mkubwa.

Njiani na kule kwenyewe

Gari za njia ya Kasenga zinaharibika. Wakati wa mvua zinakwama, na abiria wanalala kando ya njia, juu ya mizigo ao chini ya turubai. Usiku huo mmoja unaweza kutosha. Soksi na nguo ndefu ziwe juu ya mfuko, si chini ya magunia.

Ukifika mahali pa kulala, funga mustikere kungali mwangaza. Ifunge pembe nne, uangalie kama kuna matundu, uyashone ao kuyafunga kwa uzi. Chini, ipitishe ndani ya godoro ao mkeka, isining'inie. Usilale ukiwa umeegemea kitambaa chake, maana mbu anauma kupitia matundu madogo. Mbu coil, ule mduara wa kijani wenye kutoa moshi, unapunguza mbu lakini hauchukui nafasi ya mustikere, na moshi wake haufai ndani ya chumba kidogo kilichofungwa.

Wauzaji wa samaki wana shida yao. Mitumbwi inafika usiku na alfajiri, na mwenye kutaka samaki wazuri anakuwa ufukweni saa hizo. Hapo mustikere haisaidii, iko nyumbani. Kinachobaki ni nguo ndefu, soksi na mafuta ya kupakaa. Wenye kununua kwa kikundi wanaweza kupana zamu: leo wawili wanashuka ufukweni, wengine wanalala ndani ya mustikere, kesho wanabadilishana.

Ukisharudi Ruashi

Hesabu majuma manne tangu siku ya kurudi. Ndani ya muda huo, homa yoyote ni ya kupimwa siku ileile inapoanza. Si kesho, si kisha soko. Hata baada ya majuma manne, mpaka miezi kadhaa, safari hiyo ni ya kutajwa kwa munganga.

Kwenye kituo cha afya, wanachoma kidole na kutumia TDR, testi ya haraka yenye kujibu katika dakika kama 15 mpaka 20, ao wanatazama damu kwa mikroskopu. Kuna jambo moja la kujua: TDR inaweza kubaki na mistari miwili majuma kadhaa kisha mtu kupona, kwa sababu inatafuta alama za kimelea zenye kubaki ndani ya damu. Kwa hiyo aliyetibiwa Kasenga juma lililopita aseme, ili watumie mikroskopu.

Ikionyesha kwamba hakuna malaria, usimeze dawa ya malaria "kwa hekima." Homa inaweza kutoka kwa tifo, kwa mapafu, kwa mkojo. Lolomba wachunguze. Kama homa inaendelea, rudi upimwe tena.

Ikionyesha malaria isiyo kali, dawa za Kongo ni zile za mchanganyiko zenye artemisinini: artesunati na amodiakwini, mara moja kwa siku kwa siku tatu, ao artemeteri na lumefantrini, dozi sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Wengi wanajisikia vizuri siku ya pili na kuweka vidonge vingine kwa ajili ya mtoto ao kwa safari ijayo. Ugonjwa unarudi. Serumu pia si dawa ya malaria; ni maji, sukari na chumvi. Mwenye kuweza kunywa na kumeza, vidonge vinamtosha.

Kuhusu chai ya artemisia, yenye kupendwa sana siku hizi: ni kweli kwamba artemisinini ilitolewa katika mmea huo na mtafiti Mchina Tu Youyou, katika miaka ya 1970, na mwaka wa 2015 alipata tuzo ya Nobel. Lakini alitoa dawa ndani ya majani na kuipima. Kikombe cha chai hakina kipimo. Leo kina nguvu, kesho hakina. OMS haikubali chai hiyo kwa kutibu wala kwa kukinga.

Alama za kukimbia hopitali

Usingoje asubuhi kama mgonjwa anashtuka-shtuka na kukakamaa mwili, hawezi kuamka vizuri ao anasema maneno yasiyoeleweka, anatapika kila kitu, mtoto hanyonyi, anapumua kwa shida, mkojo umekuwa mweusi kama Coca-Cola, macho yamekuwa ya manjano, ao viganja vimekuwa vyeupe. Hiyo ni malaria kali. Inatibiwa hopitalini kwa shindano la artesunati, na pengine kwa kutia damu.

Ni kwa alama hizo hasa ndipo familia nyingine zinapoteza saa. Mtoto ametoka kwa nkambo, kisha juma moja anakakamaa, na mara watu wanaanza kuuliza nani kule kijijini alimpa chakula, nani alimtazama vibaya. Wanapita kwanza kwenye chumba cha maombi ao kwa mganga wa kienyeji. Kuomba kunaweza kufanyika ndani ya taksi yenye kwenda hopitali. Kimelea kinazaa upya kila baada ya saa 48, na hakingoji mkutano wa familia uishe.

Munganga ao infirmye wa Ruashi ana wagonjwa wengi kwa siku, na hawezi kujua kwa kutazama uso kwamba huyu alikuwa Kilwa juma mbili zilizopita. Mgonjwa ao mzazi wake ndiye wa kusema, mbele ya kuulizwa: "Nilisafiri. Nilikuwa mahali fulani. Nilirudi tarehe fulani." Kwa mtoto asiyeweza kujieleza, andika tarehe ya kurudi kwenye karte yake ya kliniki siku ileile anaposhuka garini.

Kwa familia zenye kujitayarisha kutuma watoto likizo hii, mustikere iliyo juu ya kabati ishuke leo, itandikwe na kuangaliwa kama imetoboka. Hata kama usiku wa Lubumbashi bado una baridi.